Mikate ya Samaki ya Baba Mdogo

Baba mdogo alikuwa karani wa mlowezi mmoja wa kahawa nje ya Beni. Mlowezi alipofungasha virago baada ya uhuru, alimwachia jiko la chuma lenye tanuri. Angemwachia akili ningeshukuru zaidi. Tangu jiko lile liingie jikoni kwa mama, mtu yule alijiona ndiye Mbelgiji aliyebaki. Aliishi kwetu Butembo, alikula kwetu, na bukari, ule ugali wa mama, aliiita chakula cha wapagazi, ingawa hakuwahi kubakiza hata tonge.

Wakati wa uasi, kamanda wa jeshi aliyetumwa kutoka mkoa wa mbali alilichukua lori la baba, akasema ni kwa kazi ya Leta, yaani serikali. Lori hilo ndilo lililoleta viazi na maharage kutoka Alimbongo, na ndilo lililotulisha. Kila asubuhi baba alivaa kofia yake safi, akaenda bureau, ofisini kwa kamanda, akaambiwa asubiri. Ndipo baba mdogo alipopata wazo, jambo ambalo lilipaswa kututisha.

"Yaya, tumualike kamanda hapa kwetu," alimwambia baba, kaka yake. "Mais mutu kama ule hapana kula bukari. Tumufanyie mikate ya samaki, sawa bazungu banafanyaka."

Mpishi alikuwa mama, bila shaka. Baba mdogo aliweka kiti kwenye mlango wa jikoni, akawa anatoa amri. Mama alisugua samaki wa ziwani kwa chumvi na ndimu, kisha akatandika majani ya mgomba kwenye sinia.

"Majani hapana," alisema baba mdogo. "Ile ni mambo ya kijijini."

"Samaki itashika kwa sinia, shemeji."

"Muzungu yangu hakutumiaka majani."

Mama aliyatoa. Samaki wakagandia chuma, tukawabandua kwa kisu vipande vipande. Baba mdogo akalaumu kuni, akatoka nje kupunga upepo. Alipotoka, mama alirudisha majani, na samaki waliofuata wakaiva vizuri, wakanukia hadi barabarani. Mimi nilitoa miiba. Mama alipasua mikate, akajaza samaki, vitunguu, nyanya na pilipili kidogo. Baba mdogo aliporudi alionja kipande, akafumba macho, akasema sasa tumeanza kumwelewa. Nilimchukia siku ile, na sijaona sababu ya kuacha.

Kamanda alikuja jioni na alikula sana. Alipangusa masharubu, akasema kwa Kilingala, "Elengi mingi," yaani tamu sana, akauliza samaki ameokwa kwa kitu gani. Mtu mwenye akili angejibu kwamba ameokwa kwa moto. Baba mdogo alimwongoza mpaka jikoni, akamfungulia mlango wa tanuri, akaufunga, akaufungua tena.

"Hii four ni ya muzuri sana," alisema kamanda, akiligonga tanuri.

"Ni ya kwako, mon commandant. Nyumba yote ni ya kwako."

Katika nyumba zetu za Waislamu wafanyabiashara, hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Mgeni akisifu kitu, unamwambia ni chake. Naye anajibu, kaa nacho, Mungu akuongezee, na kila mtu anabaki na mali yake. Lakini kamanda hakulelewa katika nyumba zetu, na alikuwa na bunduki.

"Merci mingi," alijibu.

Mama aliangalia chini. Baba alikohoa, kisha akauliza kwa upole habari za lori, "Na camion yangu, mon commandant?"

"Kesho asubuhi utaiona hapa."

Usiku ule baba mdogo alijisifu mpaka usingizi ulipomchukua.

Asubuhi tulisikia honi ya lori letu, tukakimbilia nje kwa furaha. Baba alinyoosha mkono kupokea ufunguo. Askari walishuka, wakampita, wakaingia jikoni, wakatoka na jiko, na majivu yake yakamwagika njia nzima. Baba mdogo aliwashikia mlango.

"Mubebe polepole," aliwaambia. "Mulango ya four inavunjikaka."

"Na camion?" aliuliza baba.

"Ni ya kubeba four," alisema askari, akapanda.

Jiko letu liliondoka juu ya lori letu, na hatukuviona tena. Baba akaanza kuleta maharage kwa baiskeli, akiisukuma kwenye milima ya Butembo mpaka magoti yakamharibika. Baba mdogo aliendelea kuwasimulia watu jinsi kamanda alivyoipenda mikate yake. Mama alirudia mafiga yake. Na tangu siku hiyo, mgeni yeyote akisifu kitu nyumbani, hata kikombe tu, mama alikivuta karibu yake na kusema, "Aksanti. Ni ya kwangu."