Nimemdanganya Binti wa Utafiti ili Asiondoke Mapema

Admin, naomba ufiche jina langu, useme tu ni mzee wa Niboye, hapa Kigali. Nina miaka sabini na mmoja. Nilizaliwa na kukulia Tanzania, nikarudi Rwanda nikiwa mtu mzima, nikafundisha takwimu chuoni mpaka nilipostaafu. Mke wangu alifariki miaka michache iliyopita. Watoto wako Kanada. Hupiga simu Jumapili, picha ikiganda wanasema mtandao ni mbaya, tunaagana. Sina ugomvi na mtu, wala silali njaa. Ila nyumba ni kimya. Hata Kiswahili, ambacho mimi na mama watoto ndicho tulichozungumza mezani, siku hizi nakisoma tu humu kwenye ukurasa wenu.

Nilichaguliwa kuingia kwenye utafiti wa afya ya wazee. Kila baada ya miezi mitatu anakuja binti mmoja na kishikwambi, ananiuliza maswali, na majibu yanaingia kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya pamoja ambayo watafiti na wapangaji wa serikali huifungua wakitaka kujua wazee wanaishi vipi. Nitamwita Dative, ingawa si jina lake. Wazazi wake nao walirudi kutoka Tanzania, kwa hiyo tukishaamkiana kwa Kinyarwanda tunahamia Kiswahili, ila bado ananiita Muzehe, yaani mzee.

Niwaeleze kidogo jinsi dodoso linavyofanya kazi, maana kosa langu limeanzia hapo. Ukiulizwa kama umeanguka siku za karibuni, ukasema hapana, kishikwambi kinayaruka maswali yote ya kuanguka. Ukisema ndiyo, yanafunguka: ulianguka wapi, uliumia nini, nani alikuinua. Madodoso ya namna hiyo nimeyatunga miaka mingi. Najua swali lipi lina maswali mengi nyuma yake.

Mara ya kwanza nilijibu kweli tupu. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Dative akamaliza kabla chai haijapoa, akafunga begi, akaenda. Nilikaa nikikitazama kikombe chake mpaka nikaona aibu. Aliporudi nilimpa maparachichi ya mti wangu, na aliponiuliza kama magoti yananiuma, nikasema ndiyo.

"Pole, Muzehe. Hii goti inauma tangu lini?"

"Tangu mvua zianze."

"Na hizi avoka umenipatia, nani alipanda kuzikata?"

"Zilianguka zenyewe."

Akacheka. "Sawa. Zimeanguka na kikonyo kimekatwa na kisu. Mimi naandika yenye umesema."

Ndivyo wanavyofundishwa, na ndivyo nilivyowafundisha wengine: anayeuliza habishani na anayejibu. Basi kidogo kidogo nikawa mtu wa kuteleza bafuni, wa kukosa usingizi, wa kusahau dawa ambazo hata sinywi. Kila ndiyo ilimbakiza kwenye kiti. Kati ya swali na swali alinipa habari za mama yake, na za mchumba wake anayeahidi kuja kujitambulisha halafu anapata safari.

Kuna swali moja tu ambalo sikutaka lifunguke: "Wiki iliyopita, ulijisikia mpweke?" Hapo husema hapana. Najua linalofuata ni kama ninaye mtu wa kuzungumza naye. Ningemjibu nini, naye amekaa mbele yangu ameshika kishikwambi?

Msiseme ni uongo wa mzee mmoja tu. Katika utafiti kama huu, hawawezi kumuuliza kila mtu, kwa hiyo kila aliyechaguliwa husimama badala ya wengi wanaofanana naye. Mimi nikiugua magoti, kwenye hesabu wanaugua wazee wengi wa wilaya yetu ya Kicukiro ambao hawajui. Nami nikisema si mpweke, nimewanyamazisha na wao. Anayepanga msaada wa wazee ataona tunaanguka sana bafuni, ila tuna watu wa kukaa nao.

Juma hili Dative alikuja bila kishikwambi. Hakukaa.

"Muzehe, ofisini wanasema hapa kwenu nachelewa sana kuliko kwa wengine. Wanasema najaza majibu mimi mwenyewe, nimekaa chini ya mti."

"Si kweli."

"Najua si kweli. Jumatatu mkaguzi anakuja kukuuliza tena. Umujibu tu vile ulinijibu. Mkataba wangu wanauangalia mwezi huu."

Aliniomba hivyo akiwa haelewi anachoomba. Licha ya utani wake wa avoka, naona anaamini ninaumwa.

Tangu hapo nawaza. Nikirudia uongo wangu, majibu yatalingana, Dative atabaki kazini na ataendelea kuja. Lakini kanzidata itabaki imechafuka, na ni mimi niliyewaambia wanafunzi wangu kwamba data mbaya ni hatari kuliko kukosa data. Nikijibu kweli bila kueleza, majibu hayatalingana, na yeye ndiye ataonekana mwongo. Nikieleza yote, huenda mkaguzi akadhani mzee anamkinga binti aliyemzoea. Hata akiniamini, atanitoa kwenye utafiti, na hapo sitakuwa na mgeni tena. Tena nitalazimika kumweleza kwa nini nilidanganya, na Dative atalisikia lile jibu nililomficha.

Nyinyi mliowahi kukusanya data, niambieni kama ofisi huwa inaamini mzee akikiri. Nyinyi wengine, wenye baba au babu anayekaa peke yake, nisaidieni na hili lingine. Jumatatu mkaguzi akishakaa na kufungua dodoso, nianze kwa kumwambia siumwi magoti, au nianze kwa kumwambia kwamba mimi ni mpweke?