Ukuta Ulioparuza

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa lipu. Kutwa alikuwa Upanga akilainisha kuta za watu mpaka ziteleze, kisha anarudi kwetu Mchafukoge, na ukuta wa sebule yetu akauacha unaparuza. Kwa makusudi kabisa. Alibandika mchanga, saruji na chokaa kwa mwiko, akasubiri vianze kukaza, halafu akavisugua kwa gunia lililolowa, akilizungusha. Alitumia mkono wa kushoto, maana ndio uliokuwa mkono wake wa kazi. Miduara yote ikalala upande mmoja.

"Wenzio wanapiga laini, wewe unatuletea zizi," nilimwambia. Ukuta ulinichuna viwiko na kukusanya vumbi, na wa kufuta ni mimi.

"Kutwa nalainisha za watu, mke wangu. Humu ndani niache nipumzike."

Nilinuna wiki nzima. Najuta mpaka leo.

Alipofariki nilikaa eda humo humo sebuleni, miezi minne na siku kumi, macho ukutani. Picha yake nzuri sikuwa nayo hata moja, alikuwa anakimbia kamera. Nilikuwa na ile miduara. Nikifumba macho na kuipitishia kiganja, nililiona bega lake linavyokwenda.

Siku ya kutoka eda, wifi yangu alinipeleka Kariakoo kununua khanga. Tukazunguka maduka mpaka miguu ikavimba, na kila nikisema turudi, anakumbuka duka jingine. Tuliporudi, shemeji yangu alikuwa mlangoni anatabasamu, mafundi wanaosha ndoo. Ukuta ulikuwa laini, mweupe pe.

"Shemeji, tumekumalizia. Marehemu aliondoka hajaumaliza, tukaona vibaya kukuacha nao vile."

Walichangishana, masikini. Walidhani ni kazi iliyokatikia njiani, na mimi sikuwahi kumweleza mtu. Nikasema ahsanteni, nikaingia bafuni, nikafungulia bomba ili wasinisikie nikilia.

Juzi nimetoa mwiko wake uvunguni. Nikaukwaruza ukuta karibu na dirisha ili lipu ishike, nikachanganya kama alivyochanganya, nikalowesha gunia, nikazungusha. Ukaparuza vizuri tu. Lakini miduara ililala upande wa pili.

Nikahamishia gunia mkono wa kushoto. Nilichobandika chote kikaniangukia miguuni.