Wakandarasi wa Kinu cha Alizeti

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya kodi, pale Makole, Afisa Mfawidhi aliweka mikataba miwili mezani, kisha akaifudikiza. "Binti, karatasi haina haya," alisema. "Ukitaka kujua kama mtu ameajiriwa au anajitegemea, tazama nani anampangia saa, na vifaa ni vya nani."

Mwajiriwa hukatwa kodi na tajiri wake kwenye mshahara, na akiumia kazini hulipwa fidia. Mkandarasi hujilipia kodi mwenyewe, na akiumia, shauri yake. Soko huria lilipoingia na mashirika kuuzwa, matajiri wapya wakajifunza ujanja: mtu alilala mwajiriwa, akaamka mkandarasi, koleo mkononi ni lile lile.

Ndivyo alivyofanyiwa Ndahani wa kinu cha alizeti, Nkuhungu. Magunia yalimporomokea, akafa. Mkewe, Nyemo, alipodai fidia akaambiwa marehemu alikuwa mkandarasi. Ofisi ya kazi ikasubiri taarifa yangu ya ukaguzi. Mjane na watoto wanne wakawa mikononi mwangu, na sikuwa na ushahidi hata chembe. Nilikosa usingizi.

Meneja wa kinu alinikaribisha soda. "Mama, hapa hatuna mwajiriwa. Kila mtu anaingia na kutoka apendavyo."

"Na kile?" Nilimwonyesha kipande cha reli kilichoning'inia uani.

"Kengele ya zamani. Alikuwa anaigonga Ndahani. Tangu afariki haijaguswa, nyundo yake tumeifungia stoo."

Saa sita kamili mchana chuma kikalia. Mapigo matatu, polepole. Tulikuwa tunakitazama dirishani. Hapakuwa na mtu, wala upepo, na chenyewe hakikutikisika. Nywele zilinisimama, niliogopa, sifichi.

Uani, wakandarasi wote waliweka makoleo chini, wakapanga mstari, wakaanza kuhesabu, kila mmoja na namba yake. Walipofika kumi na saba wakanyamaza kidogo, kisha sauti nyingine ikaendelea na kumi na tisa.

"Nani kawaambia wapange mstari?" meneja aliuliza, jasho likimtoka.

"Kengele imelia, bosi," msimamizi alijibu, daftari mkononi. "Tangu enzi za Ndahani, ikilia tunahesabiwa."

Nikaandika taarifa: saa hupangwa na kinu, vifaa ni vya kinu, watu huhesabiwa. Afisa Mfawidhi akaisoma mara mbili. "Hujasema nani aligonga. Wakili wao atauliza."

"Ndahani, mzee."

Alinirudishia karatasi. "Basi mwandike."

Nimestaafu sasa, na taarifa zangu nyingi zilikatiwa rufaa, nyingine kwa haki. Ile haikukatiwa. Kwenye nafasi ya jina la mgonga kengele niliandika Ndahani, marehemu. Kwenye nafasi ya hadhi yake, mwajiriwa. Meneja aliisoma yote, akaomba kalamu, akatia sahihi.