Picha za Mshtarii Ukutani kwa Baba

Nimewahi kumwonea mtu wivu kwa sababu ya sayari. Wenzangu huoneana wivu kwa nyumba, kwa mume, kwa kitenge kipya cha kanisani. Mimi ni mwalimu wa jiografia, basi labda hilo ndilo fungu langu. Na aliyenitia wivu hakuwa mtu wa mbali, alikuwa wifi yangu, mke wa mdogo wangu.

Ana duka la stesheneri pale Makandana. Hupiga picha za pasipoti, huprinti barua za watu na kurekebisha picha zilizochakaa. Mama alipofariki, picha yake pekee ya maana ilikuwa imeliwa na unyevu, shavu moja halionekani. Wifi alikaa nayo siku tatu kwenye kompyuta, akamrudisha mama mzima. Akaiprinti, akakata kingo zake kwa mkasi wake unaoacha mawimbi mawimbi, akanipa nimpelekee baba kijijini Lufingo. Baba aliitazama muda mrefu, kisha akasema, "Huyu binti ana mkono." Mimi ndiye niliyemuuguza mama mpaka siku ya mwisho, na sikumbuki kuambiwa kwamba nina mkono.

Ilibidi niipeleke mimi kwa sababu baba na wifi hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Kwetu Wanyakyusa, mkamwana humkwepa baba mkwe. Siku hizi wengi wameacha, wanakula meza moja na kupiga picha pamoja harusini. Baba, pamoja na uzee wake wa kanisa, hakuacha. Wifi akija shambani kusaidia kuchuma chai, baba hukohoa kwa nguvu kabla ya kukata kona, na wifi huingia migombani mpaka apite. Miaka tisa waliishi hivyo, na wenyewe hawakulalamika. Salamu, chakula na habari zote zilipitia kwangu. Nikiri tu, nilipenda zipitie kwangu.

Jioni moja redio ya baba ilieleza habari za chombo kisicho na mtu ndani, kinachoizunguka Mshtarii, ile sayari kubwa kuliko zote. Baba aliijua Mshtarii. Miezi fulani huwaka juu ya migomba yetu kabla nyota nyingine hazijatoka, na utotoni alinionyesha yeye.

"Mwalimu," akaniambia, "hicho chombo kinaona nini huko?"

Kichwa kikanivimba. Nikasema, "Nitakuletea picha."

Wenye chombo huziweka picha mtandaoni jinsi zilivyofika, anayetaka popote alipo azitengeneze. Nikamaliza bando langu kuzipakua. Zikaja mistari mistari ya kijivu, kama gazeti lililochanwa. Chombo hujizungusha kinapopita, na kamera yake hupiga ukanda mwembamba mmoja mmoja, wa rangi nyekundu peke yake, wa kijani peke yake, wa buluu peke yake. Hayo ningeweza kuyachora ubaoni bila kutazama kitabu. Kuziunganisha kukanishinda. Wiki nzima nilipata sayari iliyopinda kama sufuria iliyokanyagwa, nikajikuta Makandana na flashi mkononi.

Wifi alikuwa anakata picha za mwanafunzi. Akaniambia niiache. Siku ya nne akanipigia niende.

Mawingu meupe na ya kahawia yalikuwa yamejisokota kwenye skrini, kama maziwa unapoyamimina kwenye chai kabla hujakoroga. Kulikuwa na dhoruba ndogo ndogo za buluu upande wa juu. Nilisimama nyuma yake, nikainama kuitazama.

"Wifi, kazi hii tamu," akasema. "Sikujua kuna mahali hakuna ardhi kabisa. Unashuka tu, mawingu, mawingu, hewa inazidi kuwa nzito."

Nimefundisha jambo hilo miaka kumi na minne. Sijawahi kulisema kwa sauti ile, na iliniuma.

Nilipompelekea baba ile picha, aliishika kwa mikono miwili. "Umeifanyaje hii?" akauliza.

Ningeweza kumtaja wifi. Sentensi moja tu ilitosha. Badala yake nikamweleza: kwanza unalaza ukanda mwekundu, juu yake wa kijani, kisha wa buluu, unavuta kidogo kidogo mpaka kingo zikubaliane. Maneno yote yalikuwa ya wifi, jinsi alivyonieleza dukani, hata "kingo zikubaliane". Baba alisikiliza mpaka mwisho, akaipachika ukutani chini ya picha ya mama.

"Na chombo chenyewe kinatua wapi, kama hakuna ardhi?"

"Hakitui, baba. Kinapita karibu sana na mawingu, kinakwenda mbali, kisha kinarudi."

Akacheka. "Kama mimi na mkamwana wangu."

Nilikasirika. Nimemletea Mshtarii nzima, na bado yeye amemwona wifi mle ndani.

Zikafuata picha nyingine nne. Kila mara wifi aliniuliza, "Baba amesemaje?" Nami nikajibu, "Amesema nzuri." "Basi?" "Basi." Alirudi kwenye kompyuta yake, na ile iliyofuata ilikuwa nzuri kuliko iliyotangulia, jambo lililozidi kunichoma.

Jumamosi moja nilimkuta baba zizini, anamsugua mtamba wa ng'ombe wake mweusi. Mtamba huyo nilikuwa nimeshamhesabu kuwa wangu. Nilishamtafutia hata mtu wa kumkatia majani Bulyaga ninakoishi.

"Jumapili ijayo mlete mkamwana," baba akasema. "Nataka kumpa huyu."

Kwetu baba mkwe akimpa mkamwana ng'ombe, amekwisha kukwepana naye. Wanaweza kusalimiana na kutazamana kama watu wengine. Nikauliza kwa nini sasa, baada ya miaka yote hiyo.

Alinipeleka ndani, akanionyesha ukuta kwa kidevu. Mama juu, Mshtarii tano chini yake, zote zina kingo za mawimbi.

"Mkasi ni ule ule," akasema. "Nilijua tangu ya kwanza. Nilikuwa nakungoja wewe useme."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

Jumapili nilimleta wifi baada ya ibada, kajifunika kitenge mpaka kwenye paji la uso. Baba alitokea nyuma ya zizi akakohoa, mazoea tu, na wifi akageuka kukimbilia migombani. Nilimshika mkono. Wakatazamana, watu wawili wazima wenye haya.

"Ugonile, mwanangu," baba akamsalimia kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, baba," wifi akaitikia.

Baba akamkabidhi kamba ya mtamba. Wifi aliishika bila kujua aifanye nini, kisha akajikaza akauliza, "Baba, zile picha zilikufikia zote?"

Baba akanitupia jicho. Nilijua sasa anasema, na ndiyo haki yake.

"Zilifika zote," akajibu. "Mwalimu alinieleza kazi yenyewe ilivyofanyika, hatua kwa hatua. Hakuacha kitu."

Kila neno lilikuwa kweli. Wifi akanigeukia, machozi yamemlengalenga.

"Asante, wifi. Mimi nilidhani hata hukunitaja. Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshakuwekea kinyongo."

Baba alikuwa bado ananitazama. Aliningoja, kama alivyoningoja miezi yote ile. Na mimi nilikuwa naitazama ile kamba mkononi mwa wifi.

"Usijali, wifi," nikasema.