Jiwe la Amani Lililopakwa Chokaa

Ilikuwa mwaka 1894. Hapana, nasema uongo. Tisini na nne ndio mwaka ambao mvua ilibomoa zizi la farasi pale Ngome ya Tangisar. Basi ilikuwa tisini na tano, zizi likiwa limeshajengwa upya na kugeuzwa upande wa pili, kwa kuwa Kapteni mpya hakupenda farasi watazame magharibi.

Hapo ndipo alipokuwa Sarbuland Khan, risaldar wa wapanda farasi. Risaldar ni mkubwa wa askari wote wenyeji na mdogo wa kila Mwingereza, hata yule aliyeteremka melini jana na kichefuchefu bado hakijamtoka. Alikuwa na ndevu za hina, nishani mbili kifuani, na farasi jike aliyemzidi akili. Nishani ya kwanza aliipata siku farasi huyo alipotimua mbio kuelekea kwa adui naye akashindwa kumzuia. Kikosi kizima kikamfuata kikidhani ni amri. Ya pili alipewa kwa sababu tayari alikuwa na ya kwanza.

Miaka yote hiyo alihama ngome hadi ngome mpakani na hakuomba likizo hata mara moja. Wakubwa wake walisema huyu ndiye askari, anaipenda kazi. Wangejua! Kwetu milimani adui wa nje huja na kuondoka, lakini mwana wa ami yako unaamka naye na kulala naye. Baba yake Sarbuland na nduguye, baba yake Nekzaman, walikosana juu ya zamu ya maji ya shamba, wakapigana risasi, na watoto wakarithi mashamba pamoja na kazi hiyo. Ndani ya ngome Sarbuland alikuwa mtu wa Malkia. Ukimgusa, kijiji kizima kinachomwa moto. Akivua sare aende kwake kula mkate wa mkewe, alikuwa halali ya Nekzaman. Kwa hiyo shujaa wa mpaka alikuwa amejificha tu, tena kwa mshahara.

Sasa serikali, ambayo haijui lolote kuhusu ami wala wana wa ami, ikamhamishia Tangisar, ng'ambo tu ya korongo la kijiji chao. Kutoka ukutani aliuona moshi wa jiko lake. Aliuona na mnara wa Nekzaman, na tundu la mnara, na nyuma ya tundu aliweza kulikisia jicho.

Mwaka huo binti yake Zarmina, aliyemwacha akitambaa, alikuwa anaolewa. Sarbuland alitaka kitu kimoja tu duniani: kukaa Alhamisi ya harusi uani kwake, amwone mwanawe akitoka. Akatuma watu kwa wazee. Wazee wakakaa, wakala kondoo wake, wakakaa tena, na mwisho Mzee Payo, ambaye macho yake yalikuwa yamechoka lakini sauti bado, akabeba jiwe akaliweka chini ya mti wa miiba, mdomoni mwa korongo.

"Maadamu jiwe hili liko hapa," akasema, "hakuna bunduki kati yenu mpaka mpunga uvunwe. Likiondolewa, kila mtu na roho yake."

Nekzaman akaligusa, Sarbuland akaligusa, hawakutazamana.

Jumatatu ya wiki ya harusi, Kapteni Wexcombe akamwita Sarbuland juu ya ukuta.

"Bwana Risaldar, Jenerali anakuja Jumatano kutukagua. Nami naona mawe."

"Ndiyo, Bwana Mkubwa. Huu ni mlima."

"Yametapakaa ovyo! Nataka kila jiwe linalozidi kichwa cha mtu liokotwe, lipakwe chokaa, lipangwe kandokando ya barabara mpaka langoni, yote yafanane."

"Kichwa cha nani, Bwana Mkubwa?"

Kapteni akafikiri. "Cha kawaida."

"Amri imepokelewa!"

Sarbuland alikuwa na kipaji kimoja ambacho kilimpandisha cheo kuliko nishani zote: amri ikimwingia sikioni ilitokea mdomoni bila kusimama popote katikati. Akateremka uwanjani akanguruma, "Kila jiwe! Yote yafanane! Nisione jiwe limelala kama mgonjwa!" Kisha akaenda kusimamia kilemba chake kinavyotiwa wanga.

Jumanne jioni akatoka kutazama. Palipendeza. Mawe meupe yamesimama safu mbili, yamenyooka, kama yanasubiri mshahara. Akatabasamu mpaka macho yake yakafika kwenye mti wa miiba. Chini yake palikuwa na udongo mtupu, mbichi.

"Bhagat Ram!" akamwita koplo, na sauti haikuwa ile ya uwanjani. "Pale mtini palikuwa na jiwe."

"Lilikuwepo, Bwana Risaldar. Zuri sana. Tulianza na hilo."

"Mmeliweka wapi?"

Koplo akaitazama safu, akakuna shavu. "Humo."

"Humo wapi, wewe?"

"Si ulisema yafanane, mzee wangu? Tumejitahidi."

Usiku huo Sarbuland hakula. Asubuhi, akiwa bado anapima jiwe hili na lile kwa mikono, akasikia kikohozi. Mzee Payo alikuwa amefika na wazee wenzake, na nyuma yao Nekzaman, mrefu, bunduki begani.

"Mwana wa ami," Nekzaman akasema, "nimeamka nikachungulia, nikaona amani yetu imetembea."

"Ni serikali, si mimi."

"Sauti iliyosema 'kila jiwe' niliisikia mpaka mnarani. Mke wangu aliacha kukanda unga. Alisema, huyo ni shemeji."

Wazee wakaanza kupita kwenye safu, wameinama, mikono nyuma. Mmoja akasema ni hili. Mwingine akasema hilo lina tumbo, lile halikuwa na tumbo. Mzee Payo akalipapasa moja, akanusa kiganja.

"Mzee, si ulilibeba mwenyewe?" Sarbuland akamsihi.

"Nililibeba likiwa jiwe, mwanangu. Sasa haya yote ni mayai."

Hapo hapo Jenerali akatokea na vumbi lake. Akawaona watu wa milimani wameinamia barabara ya ngome kwa unyenyekevu mkubwa.

"Wanafanya nini hawa?"

"Wanastaajabu, Jenerali," Kapteni akajibu. "Hawajawahi kuona unadhifu."

Jenerali akasema mpaka umetulia, akanywa chai, akaondoka. Nasikia Kapteni alipandishwa cheo.

Pale barabarani hapakuwa pametulia. Mzee Payo akanyoosha mgongo. "Jiwe halijulikani. Na jiwe lisilojulikana halipo. Nekzaman, mkono wako uko huru."

Sarbuland alikuwa nje ya lango, hana silaha, wanga wa kilemba unamwasha. Hakukimbia. Aliutazama tu moshi wa kwake ng'ambo ya korongo; siku hiyo ulikuwa mwingi, wa masufuria ya harusi.

Nekzaman akaitazama safu, bila haraka. Akapita mawe mengi, akasimama, akaligonga moja kwa kiatu.

"Ni hili."

"Una hakika?" akauliza Mzee Payo.

"Nimeliangalia toka tunduni kila siku. Nani analijua kunishinda?"

Wakalibeba wao wawili, chokaa ikawachafua wote, wakalirudisha chini ya mti. Nyuma yao Kapteni alikuwa akipiga kelele kwamba safu ina pengo.

Alhamisi Sarbuland alikaa uani kwake. Zarmina akatoka, akamwinamia baba asiyemjua sura, naye akamwekea mkono kichwani. Nekzaman alikula pilau mara tatu akalaumu zabibu ni chache. Kila Sarbuland alipomsogelea kumnong'oneza jambo, yule aliomba nyama.

Mpunga ukavunwa. Nekzaman akarudi nyuma ya tundu lake, Sarbuland nyuma ya ukuta wake. Na mpaka alipostaafu, asubuhi zisizo na upepo, risaldar alipanda juu ya ukuta, akajikinga vizuri, akaita kwa ile sauti yake ya uwanjani, na mnara ukanyamaza kila mara:

"Nekzaman! Lile jiwe, ulilijua kweli?"