Aliyeniambia Nishushe

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikianza sipendi kukatizwa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, jua liko utosini, sijalewa wala sina homa. Sikusimuliwa na mtu. Ningekuwa nimesimuliwa, ningekuwa wa kwanza kusema ni uongo.

Mimi nimesoma mpaka darasa la pili, basi. Kuandika kwangu ndiko huku unakoona. Lakini springi za gari nazijua kuliko wengi waliosoma. Nilifika Tabora sina baba, sina mjomba, nina shati moja. Nikaosha magari, nikalala chini ya magari, nikajifunza kwa kutazama mikono ya wenzangu, maana hakuna aliyekubali kunifundisha. Mpaka nikawa na gereji yangu pale Gongoni, kuta za mabati, sakafu ya udongo uliolewa oili. Hakuna mtu aliyenishika mkono, nami nilikuwa nalisema hilo kila siku, kwa kila mtu, hata kama hakuniuliza. Nilikuwa hivyo.

Ilikuwa miaka ile watu wa mashambani wanahamia vijiji vya ujamaa. Mke wangu aliondoka na wazazi wake kwenda kijiji kipya upande wa Nzega. Alinitaka twende wote. Nikamwambia, mimi nimefika hapa kwa miguu yangu, sipangwi mstari na mtu. Akasema, "Basi kaa na jeki zako." Nikakaa na jeki zangu. Jioni nasonga ugali wa mtu mmoja, na ugali wa mtu mmoja, niamini, hata ukiupima vipi, unabaki.

Sasa kulikuwa na mzee mmoja jirani, nitamwita Mzee Sefu, mfanyabiashara wa siku nyingi. Alikuwa na gari la zamani, la tangu enzi za mkoloni, lenye pua ndefu na madigadi ya mviringo kama mapaja ya mtu aliyeshiba. Gari zuri. Lilipotoka kiwandani lilikuwa linakaa chini, limejilaza barabarani kama paka. Lakini barabara zetu unazijua. Mimi ndiye niliyeliinua. Niliongeza majani mawili, vile vyuma bapa vinavyopangwa, kila springi ya nyuma, likasimama juu, likapita popote, na sifa nilipata.

Siku moja Mzee Sefu akaja na fimbo yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi, hivi ulinitengenezea gari au ngazi?"

"Kwani vipi?"

"Mke wangu hapandi. Miguu imevimba, mguu hauinuki. Jana tumemsukuma watu watatu, mmoja huku, mmoja kule, mimi nyuma. Kakasirika, kashuka, kasema kama ni hivyo atakwenda Lusu kwa kutambaa."

Bi Tausi, mkewe huyo, alikuwa na dada yake Lusu, kule Nzega, mgonjwa wa kukata tamaa. Walikuwa wawili tu waliobaki kwa mama yao. Alitaka kumwona dada yake akiwa bado anaona. Hilo ndilo lililokuwa mbele yetu, na mzee alitaka gari kabla ya alasiri.

"Lishushe," akasema. "Lirudi kama lilivyozaliwa."

Nikalishusha. Nikapandisha nyuma kwa jeki, nikaweka magogo, nikafungua yubolti zinazoibana springi, nikatoa yale majani mawili kila upande, nikapaka grisi, nikafunga. Mimi sipimi kwa rula. Napima kwa vidole, kati ya tairi na ukingo wa madigadi. Mwanzoni vilikuwa vidole kumi na viwili. Nilipomaliza vilikuwa vinane, kulia vinane, kushoto vinane. Kazi safi.

Springi ukishaigusa lazima uipeleke njia mbaya kidogo, majani yakae mahali pake, ndipo umkabidhi mwenyewe. Nikatoka peke yangu. Nikapita upande wa Kwihara, nikaikamata ile njia ya zamani, ile waliyopita watu wa misafara na mizigo yao kabla ya reli. Siku hizo ilikuwa imebaki njia ya ng'ombe na baiskeli. Nikaenda mpaka kwenye mahame.

Umewahi kupita kwenye mahame mapya? Si magofu, magofu yamezoea. Nasema kijiji kilichohamwa majuzi. Nyumba zimetolewa mapaa, mafiga bado yana majivu, ua wa minyaa bado wa kijani unalinda uwanja ambao hauna mtu. Watu walichukua kuku, walichukua mbuzi, paka wakakataa. Niliona paka wawili wamekonda, wamekaa kizingitini mwa nyumba isiyo na mlango, wananitazama kama mimi ndiye nimerudi. Nikasikia kitu kifuani, si hofu. Ni ile hali ya jioni na sufuria langu dogo. Nikaongeza mwendo.

Hapo hapo gari likaketi.

Sijui niseme vipi neno jingine. Liliketi. Nyuma ilishuka yote, bodi ikagusa tairi, nikasikia mpira unasagwa na nikanusa moshi wake. Nikasimama. Nikashuka na matusi yangu, maana nilijua nimefanya kazi safi. Nikapima. Hata kidole kimoja hakikupita.

Nikaingia chini. Nilitegemea kukuta jani limekatika. Hakuna. Majani yote mazima, yamenyooka, tena yamejikunja kinyume, kama lori lililobeba mawe. Nikafungua buti. Mlikuwa na tairi la akiba na kitambaa cha kufutia kioo.

Nikatoa jeki yangu chini ya kiti, nikaiweka. Mpini wa jeki ukaanza kupinda mkononi mwangu, gari halinyanyuki hata unywele. Jeki hiyo hiyo asubuhi ilikuwa imelinyanyua nikipiga mluzi. Nikaiachia, nikakaa chini, jasho linanitoka.

Ndipo nikasikia nyuma yangu, "Mwangaluka."

Hiyo ni salamu ya asubuhi kwa Kinyamwezi. Jua lilikuwa utosini. Nikageuka. Mwanaume, umri kama wangu wa siku hizo, arobaini hivi. Amejifunga kitambaa cha merikani kiunoni, mwili umejaa vumbi jeupe. Begani ana furushi refu lililoviringishwa kwenye mkeka, limekazwa kamba, mpaka shingo yake imepinda upande wa pili. Hakunitazama usoni, kwa sababu shingo ile haikuweza kugeuka. Pale begani mkeka ulipolalia, ngozi ilikuwa nene na nyeusi kama kwato.

Nikajua ni mmoja wa wanaohama, anapeleka vyombo vyake kijiji kipya. Wewe ungefikiri nini? Siku zile ndivyo barabara zilivyokuwa, watu na mafurushi.

Akasema, "Nishushe, ndugu yangu."

Alisema polepole, sauti ya mtu aliyekaukiwa. Na mimi, dereva mimi, mtu wa gari, nina hasira ya jeki, nilisikia nini? Nilisikia anachosema abiria. Nikamjibu, na maneno haya nayakumbuka kuliko jina la mama yangu:

"Nikushushe wapi? Mimi sijakupandisha. Kila mtu afike kwa miguu yake."

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alisubiri kidogo, kama mtu anayejua jibu lakini anaona adabu kungoja likamilike. Kisha akasema, "Haya." Akapita pembeni yangu kuelekea nyuma ya gari. Nikasikia harufu ya jasho na vumbi la mbali. Nikainama kuichomoa jeki. Ninainua kichwa, hakuna mtu.

Uwanja ule mweupe, hakuna kichaka karibu, hakuna mti. Angekwenda wapi na furushi lile? Nikaita, "We bwana!" Paka ndio waliogeuka.

Nikatazama chini. Nyayo za miguu mitupu zilitoka njiani, zimedidimia kwenye ardhi kavu ya kiangazi kama nyayo za ng'ombe kwenye tope. Mimi na viatu vyangu vya buti sikuacha hata alama. Zilikuja mpaka kwenye bampa la nyuma. Hapo zikaisha.

Na gari lilikuwa limeinuka. Nikapima. Vidole vinne. Si vinane. Vinne.

Nikaliwasha nikaondoka. Kioo cha nyuma nilikigeuza kikatazama paa. Nakwambia ukweli, sikuwa na moyo wa kukitazama.

Kwa Mzee Sefu nikamkuta Bi Tausi amekaa barazani, amejitanda kanga mbili, kikapu cha safari miguuni. Nikasema shikamoo bibi. Akanitazama.

"Marahaba. Umetoka wapi wewe, umepauka hivyo?"

Nilitaka kusema nilikuwa najaribu gari. Badala yake nikamweleza yote, nimesimama pale kama mtoto aliyevunja kitu. Mzee Sefu akacheka. "Fundi, umeoa mke mwingine kimyakimya, anakupa dawa." Bi Tausi akamnyooshea mkono anyamaze.

"Alikuambia umpandishe?"

"Hapana bibi. Alisema nishushe."

"Nawe ukamwambia sijakupandisha."

"Ndiyo."

Akasogeza kikapu chake pembeni.

"Hakuomba lifti, fundi. Aliomba umshushe mzigo. Babu yangu mzaa mama alibeba mizigo ya misafara, kutoka huku mpaka pwani. Mzigo ule hauna ruhusa ya kutupwa chini. Aliyetupa alichapwa. Ukichoka unamwomba mwenzako, nishushe, naye anakuja mbele yako anaupokea. Hakuna aliyemkatalia mwenzake. Babu alisema wako waliofia njiani wamesimama, kwa sababu aliyekuwa karibu alijifanya hakusikia."

"Mimi nilisikia," nikasema.

"Ulisikia vibaya," akasema. "Ni afadhali kidogo."

Lile "afadhali kidogo" alinipa bure, yule mama. Kisha akanyanyuka, akaja kwenye gari, akaweka mguu mmoja ndani, akaweka wa pili, akaketi bila kushikwa na mtu. Nilipima wakiwa wameingia wote wawili na dereva wao. Vidole saba, sawa kulia na kushoto, kama inavyotakiwa kwa watu watatu. Hapakuwa na mtu wa nne. Walikwenda Lusu, akamkuta dada yake anaona bado, wakakaa pamoja siku tano mpaka alipofariki. Kazi yangu ilifanya kilichoagizwa. Hilo sitanyang'anywa.

Nilidhani yameisha. Wiki ile ile nikatengeneza pikapu la watu wa misheni. Nikalijaribu peke yangu. Padri mmoja akanisimamisha njiani: "Fundi, mbona nyuma limelala? Umebeba nini?" Nikatazama nyuma. Tupu. Nikarudi nikapima, pungufu vidole vinne. Nikamwita muuza vitunguu wa jirani aketi pembeni yangu tuzunguke mtaa mmoja. Pikapu likasimama sawa. Akashuka, likalala.

Tangu siku hiyo ni hivyo. Gari lolote, la nani, springi mpya au kuukuu, nikiliendesha peke yangu linalala nyuma. Akiwepo mtu mwingine, yeyote, linanyanyuka. Sheikh alinisomea nikanywa kombe. Padri alinyunyiza maji. Waliridhika wao. Nami nikaanza kuwabembeleza watu wanisindikize, mpaka mjini wakasema fundi amekuwa mtu wa watu, siku hizi anapenda mazungumzo. Niliwaacha waseme hivyo.

Na usidhani sikumtafuta. Nilikwenda kule mahame mara nyingi, kiangazi baada ya kiangazi, saa ile ile. Minyaa ilikauka, paka walikufa au walihama, sijui. Nazima gari, nashuka, nasimama mbele ya bampa la nyuma nimenyoosha mikono, mtu mzima mimi, nasema, "Ndugu yangu, lete. Nimekuja kukushusha." Kimya. Yumo, najua yumo, springi zinaniambia. Wala hajawahi kuniumiza. Amechoka tu, na mimi nilishamjibu, naye ni mtu wa adabu zake, haombi mara mbili.

Sasa mimi ni mzee, usukani nimeuacha. Lakini juzi nilikaa kwenye kitanda changu cha kamba nikasikia kamba za upande wa miguuni zinalia, polepole, kama mtu anayetafuta namna ya kukaa bila kuweka mzigo chini. Nikasogea nikampa nafasi. Ningefanya nini?

Wewe unayesoma haya, na hasa nyinyi wenye magari mnaopita njia zile peke yenu. Ukisikia mtu anakuambia nishushe, simamisha gari. Nenda mbele yake, kunja magoti, pokea kwa mikono miwili. Usimuulize alipanda wapi.