Picha ya Mzigo wa Baba

Nachora picha zisizo na sura ya mtu, na kwa ajili ya hizo nimesemwa katika mji huu wa Kindu kuliko mwizi wa kuku. Mtu husimama mbele ya turubai langu, akainamisha shingo kushoto, akainamisha kulia, kisha akaniuliza nitamaliza lini. Nimemaliza, bwana! Hiyo manjano ni bidoni, dumu la mafuta, hiyo nyekundu ni mawese, hiyo mistari myeusi ni mipira ya kufungia mzigo. Hucheka akaenda zake. Riziki naipata kwa kuandika vibao vya vinyozi kule Alunguli, ambako kila mteja anataka kichwa chenye masikio mawili.

Mama naye alikuwa upande wao. Alitaka nimchoree uso wa baba.

Baba alikuwa mtu wa reli. Treni iliposimama kwa sababu ya vita, wanaume wa reli walikaa nje ya nyumba zao wakitazama majani yakiota katikati ya vyuma, halafu mmoja mmoja wakashika baiskeli. Hawakuzipanda, walizisukuma. Waliondoka na chumvi na sabuni, wakarudi kutoka upande wa Tunda na mchele na mawese. Nasema kwa kiburi, na radhi siombi: mji huu ulikula kwa miguu ya watu kama baba.

Safari moja hakurudi. Wenzake walisema risasi zililia njiani, kila mtu akakimbilia upande wake, na baada ya hapo hawakumwona tena. Maiti yake hakuna aliyeiona. Basi mama akakataa matanga. Wazee wa ukoo walikuja wakamsihi, wakaja tena wakamkaripia. Aliwapa chai, akawaambia kwamba mtu aliye safarini haliliwi. Vita vikapita, sisi watoto tukapata watoto wetu, na baba bado yuko safarini. Nilimhurumia mama, na nilikuwa nimechoka naye pia.

Picha pekee ya baba ilipotea tulipokimbilia msituni.

"Wewe njo unajua kuchora," mama akaniambia juzijuzi. "Unichoree baba yako, nimuone."

Nilijaribu. Uso haukuja. Mimi baba nilimjua kwa mgongo, na mgongo wenyewe ulizibwa na mzigo. Nilipokuwa msichana mdogo nilimsaidia kusukuma baiskeli kwa nyuma hadi mwisho wa mji, kichwa chini, pua karibu na bidoni tupu alizokwenda kujaza. Nilichoona ni manjano iliyochubuka, wekundu wa mawese ya safari iliyopita, buluu ya plastiki ya kufunikia chumvi, na kanda nyeusi zilizokatwa kwenye mipira ya magurudumu ya zamani, zimepishana na kubana kila kitu. Hayo ndiyo niliyochora. Turubai kubwa, halina uso, halina hata gurudumu.

Nikampelekea mchana, nikaliegemeza ukutani, nikaketi kwenye kigoda kungoja matusi.

Hakunitukana. Aliweka chini ungo wake wa mchele, akatazama kwa muda mrefu.

"Huu njo muzigo yake," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Sasa mbona anaenda?"

Sikuelewa. Akakasirika, akaja kugonga mistari myeusi kwa kidole.

"Angalia vile mipira inakaza. Muzigo ya kukaza hivi, muntu iko anaenda. Akirudia nyumba, nani alikuwa anamufungulia?"

Hapo nikakumbuka. Kwetu, mume wa baiskeli akifika nyumbani hagusi mzigo wake. Huegemeza baiskeli ukutani akaketi, na mke ndiye anayelegeza mipira, ukanda baada ya ukanda, kabla ya maji ya kuoga, kabla ya chakula. Mume akijifungulia mwenyewe, majirani humcheka mke: huyu hana habari na mtu wake. Mzigo wa safari ile ya mwisho, mama hakuufungua.

"Sikumufungulia," akasema. "Ee, mutoto wangu, sikumufungulia."

Nililia mbele yake bila kujificha. Kisha nikaenda kuchukua rangi zangu.

Alinielekeza yeye. Huu kwanza, ule uache, sasa wa chini. Nilifunika mstari mmoja baada ya mwingine, nikauchora upya ukining'inia. Picha ilianza kuharibika, au ndivyo jicho langu la fundi lilivyosema, maana manjano ilijitenga na buluu, na nyekundu ikatiririka ikichafua upande mzima. Nikaendelea. Tulipofika ukanda wa mwisho akaniomba brashi. Alivuta mstari mnene, wa kombokombo, ukashuka mpaka ukingoni mwa turubai na kuishia hapo.

Akanirudishia brashi. Akaketi chini mbele ya picha, akavua kitambaa cha kichwani, nywele zake nyeupe zikabaki wazi.

"Enda kwa majirani," akaniambia. "Uwaambie baba yako amefika. Wakuje, tumulilie."